Kopo Halihami

Sleiman wa duka la vyuma alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, na hakuona haya kusema hivyo. Ukimwambia msumari ni wa inchi tatu, ataupima. Ukimletea nyama ya sikukuu, ataigeuza atazame upande wa pili. Hata mkewe Thuwaiba, aliyeishi naye miaka thelathini na tisa, alipomwambia chai imeshatiwa sukari, yeye alionja kwanza kijiko kimoja. "Katika mji huu," alipenda kusema, "walioamini haraka, wengi tuliwazika." Na kwa kuwa maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, hakuna aliyembishia.

Mtu mmoja tu aliishi nje ya shaka zake zote, naye ni Zénon.

Walikutana dukani miaka kumi na mmoja iliyopita. Zénon alikuwa amestaafu jeshini, ambako kwa miaka ishirini na minne alifanya kazi ya fundi, mgongo kwenye saruji na uso chini ya magari. Alikuja akitafuta boliti ya uzi wa zamani, ule uzi wa kuzungushia nati uliokatwa kwa vipimo vya inchi, ambao siku hizi hakuna anayeuleta. Maduka tisa yalikuwa yamemcheka. Sleiman hakucheka. Alipanda ngazi, akashusha sanduku la mbao la enzi za marehemu baba yake, akalifuta vumbi, na ndani zilikuwemo boliti kumi na mbili za uzi ule ule, zimefungwa kwenye karatasi yenye grisi.

"Unazitakia nini?" aliuliza, maana yeye hauzi kitu kabla hajajua kinakwenda wapi.

"Mi niko na gari," alisema Zénon, kisha akasita. "Apana. Niko na mifupa ya gari."

Sleiman hakuamini, bila shaka. Alifunga duka akamfuata, ili amwumbue. Akakuta kweli: jeep ya kijeshi iliyoachwa na Wabelgiji, ikachukuliwa na mapadri, ikabeba unga na wagonjwa hadi ikachoka, na mwisho ikawa banda la kuku. Kuku walikuwa bado wamo. Mmoja alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva. Sleiman alipitisha mkono juu ya boneti ile yenye kutu, na tangu siku hiyo akawa si mtu wa kumfaa mkewe siku za Jumamosi.

Waliivuta hadi Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, kwenye banda nyuma ya ghala la sabuni la binamu yake Sleiman, na baadaye wakaiongezea wenzake wawili: lori la magurudumu sita lisilo na injini, na trela ya kubebea maji ya askari. Wazee wawili, mmoja Mwarabu na mwingine askari mstaafu, wanafufua magari ya vita nyuma ya ghala! Mji haukuhitaji zaidi ya hapo ili uanze kunong'ona. Watu wa usalama walikuja mara tatu. Mara ya kwanza walitafuta kilichofichwa ndani ya jeep wakapata manyoya ya kuku. Mara ya pili wakaandika majina. Mara ya tatu wakanywa chai. Ndiyo maana gari ile haikupakwa rangi ya jeshi hata siku moja. Zénon alichagua rangi ya chai ya maziwa, akasema rangi hiyo haijawahi kupigana na mtu.

Kwa muda walijiunga nao wengine wawili wenye mapenzi hayo. Mmoja alihamia ng'ambo kwa wanawe, mwingine akafariki, wakabaki hao wawili. Na hapo ndipo Sleiman, kwa kicheko tu, alipotamka neno alilokuja kulijutia. Kulikuwa na Anouar, mwenye hoteli ufukweni mwa ziwa, aliyeitamani jeep ile aiweke langoni mwake, boneti wazi, aipandie maua. "Basi tupatane," Sleiman alisema. "Siku mmoja wetu akishindwa kushika spana, tunampa Anouar apande maua yake." Zénon naye alicheka. Wakapeana mikono.

Zénon alikuwa na sheria moja. Kila kilichofunguliwa kwenye gari kiliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likaandikwa namba kwa rangi nyeupe, likawekwa rafuni kwa mpangilio wa kufungua: la kwanza juu kushoto, la mwisho chini kulia. Makopo yalikuwa arobaini na moja. Unaweza kulishusha, unaweza kulimwaga, lakini ukimaliza lazima lirudi mahali pake pale pale. "Kopo halihami," alisema. "Kopo ikihama, gari imekufa." Jeshini, alieleza, aliwahi kuona lori zima likitupwa kwa sababu mtu mmoja alipanga makopo upya ili yapendeze.

Mambo yalianza kuharibika mwaka huu, baada ya Idi. Walikuwa wameifungua injini tena kwa sababu ilikunywa oili, na nia ilikuwa kuirudisha kabla ya mvua za Septemba. Jumanne moja Sleiman alipitia bandani kuchukua tupa yake akakuta pengo rafuni. Kopo namba kumi na nne halikuwepo. Namba kumi na nne ni kabureta, na kabureta ya jeep ile huipati tena, hata ukizunguka mtaa wote wa spea wa Buyenzi na tochi.

Jumamosi kopo lilikuwa limerudi.

Sleiman alilishusha. Alimwaga kilichokuwemo juu ya kitambaa, akatazama. Kabureta ilikuwa safi mno. Kitu kikiibwa hakirudi. Na kikirudi kinang'aa, basi si kile kilichoondoka. Mtu yeyote aliyewahi kuacha gari lake kwa fundi asiyemjua anaifahamu michezo hiyo: inatoka ya asili, inaingia ya bandia, nawe unaendesha huku unashukuru.

Kuanzia hapo alianza kumchunguza rafiki yake, na anayechunguza hakosi cha kuona. Zénon alikuwa hamtazami tena machoni. Alipomsalimia, alilisalimia bega. Alikuja mapema kuliko zamani na ufunguo wake mwenyewe, na jioni aliondoka na mfuko ulioning'inia kwa uzito. Kitabu cha mafundi, kile alichokisoma hadi kurasa zikaachana, sasa hakukigusa. "Soma weye," alisema, "Kifaransa chako iko nzuri." Kifaransa cha Sleiman ni cha sokoni, na Zénon alijua. Kwa nini mtu akimbie kitabu chake? Kwa nini apite akishikilia ukuta, polepole, kama mwenye jambo la kuficha? Dalili ya mvua ni mawingu, Sleiman aliwaza, na mawingu alikuwa ameshayahesabu.

Kisha akaja Uthmani, muuza spea wa Buyenzi, kuchukua misumari dukani.

"Mi nilimuona rafiki yako," alisema. "Alikaa kwa kinyozi, pale kwenye benchi, kabureta iko kwenye magoti. Anaipapasa tu, kichwa iko juu, kama mutu anangojea bei."

"Alikuwa na nani?"

"Na nani? Peke yake. Nikapita mbele yake karibu hivi, hata bonjour hakunipa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Usiku ule Sleiman alikula vijiko vitatu vya wali akasukuma sahani.

Alitaka ushahidi. Kopo liliporudi tena, alichukua msumari akakwaruza alama ndogo chini ya kabureta, mahali ambapo jicho halifiki. Wiki iliyofuata kopo likatoweka, likarudi. Akaigeuza kabureta. Alama haikuwepo. Pale alipokwaruza palikuwa laini kama ukucha.

Alikaa kwenye tairi la lori, ghadhabu na huzuni vikigombana kifuani, na ghadhabu ikashinda. Miaka kumi na mmoja! Alikuwa amemzika mama yake Zénon akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza, Mwislamu peke yake mlimani kule kijijini kwao. Zénon naye alifunga siku moja ya Ramadhani kila mwaka, ili, alisema, walau siku moja asile mchana mbele ya macho ya mwenzake.

"Muulize," Thuwaiba alimwambia nyumbani kwao, mtaa wa Kinanira.

"Mwizi haulizwi, Mama Azhar. Mwizi anakamatwa."

"Na kama si mwizi?"

"Basi hatakamatika."

Thuwaiba aliinuka. "Weye Baba Azhar, siku moja utaonja hata dua kabla ya kuitikia amina," alisema, akaenda zake jikoni.

Mtego aliutega Alhamisi mchana, na aliuona wa busara sana. Katika kopo namba thelathini na tisa, la tatu kutoka mwisho, chini upande wa kulia, kulikuwa na takataka: vipande vya kabureta mbili za magari mengine walizonunua kwa Uthmani zamani, wakakuta hazifai, hakuna hata moja iliyo kamili, zimechanganyika na vyuma vingine. Sleiman alilipandisha kopo hilo mahali pa kumi na nne, na la kumi na nne akaliweka chini mahali pa thelathini na tisa. Mwenye macho ataiona namba ile nyeupe akiwa bado mlangoni. Zénon akiwa mwema, aliwaza, atapiga simu saa ile ile akipaza sauti kwamba kopo limehama. Akiwa mwizi atanyamaza, kwa sababu hataweza kueleza alikuwa anatafuta nini pale siku isiyo yao. Alitengeneza mtego wake kwa kuvunja sheria pekee ya rafiki yake.

Ijumaa simu haikulia.

Jumamosi asubuhi Zénon hakuja. Sleiman aliingia peke yake, akaenda moja kwa moja rafuni. Kopo la juu lilikuwa limechukuliwa, lile la takataka. Kopo namba kumi na nne lilikuwa pale chini, namba yake inasomeka kutoka mlangoni, na kabureta imo ndani salama. Alisimama. Mwizi gani huyu asiyejua kusoma namba? Lakini kichwa cha mtu wa kushuku hakikosi jibu: bila shaka amechukua takataka akaunganishe ya bandia. Naam, ndiyo hivyo. Akafunga mlango, akapanda basi la Kamenge kwenda kwa Zénon, na njia nzima akapanga maneno. Angeanza na salamu, ili isisemwe kwamba hana adabu.

Aliyefungua ni Dative, mke wa Zénon, mwanamke mpole anayeongea chini chini. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Imana ishukuriwe, Mungu amekuleta," alisema. "Nilikuwa natafuta mutu wa kukuita. Tangu jana hajakula, hajalala. Ingia, shemeji."

Zénon alikuwa amekaa mezani, dirisha wazi, jua la saa nne limemwagika juu ya kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa vilitapakaa vile vipande vya takataka. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha skurubu kwenye tundu lisilo lake, vinaitoa, vinajaribu tena. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Sleiman alisimama hatua mbili mbele yake, mwangani, na kanzu yake nyeupe.

Zénon aliinua uso. "Ni nani?" aliuliza.

Sleiman aliinua mkono akaupunga mbele ya uso ule, na macho hayakuufuata. Alimtazama mkewe Zénon, na Dative akainamisha kichwa.

"Ni mimi," alisema.

"Sleiman." Zénon aliweka skurubu chini taratibu. "Kaa. Basi leo utajua. Macho yamekwisha. Tangu mwaka jana yalikuwa yanaenda, ni huu ugonjwa wa sukari. Sasa naona mwanga, na naona kama kuna kitu kimesimama, basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Sisi tulipeana mikono. Mmoja akishindwa, Anouar anapanda maua." Alijaribu kucheka. "Nikasema, apana, ngoja. Macho yakienda, mikono iko. Nikawa naleta makopo hapa, moja moja. Nafungua, nafunga. Rafu yote naijua na mikono, kopo haihamake kule. Kabureta nimeifunga hata nikiwa kwa kinyozi nangojea zamu. Nilitaka siku ya kukuambia, nikuambie na gari inaunguruma."

Sleiman alivuta kiti akakaa. Alikumbuka mkwaruzo wa msumari. "Kabureta," alisema kwa shida, "chini yake palikuwa na..."

"Mwiba? Ndiyo, nilisikia kidole inakwama. Nikapiga tupa nikalainisha." Zénon alipitisha kiganja juu ya kitambaa. "Lakini jana, ndugu yangu, jana imekwisha. Munganga wa hospitali aliniambia, sukari ikimaliza macho inakuja kwa vidole, siku moja utashika kitu na hautakijua. Jana nimemwaga kopo ile ile. Hakuna kinachoingia. Nashika jeti, si jeti. Nashika springi, si yenyewe. Usiku mzima. Vidole vimekufa, Sleiman. Mwite Anouar. Mi nimeshindwa."

Dative alianza kulia bila sauti, ukingo wa kitenge mdomoni.

Na hapo, aibu iliyoje, wazo la kwanza la Sleiman lilikuwa la kujiokoa. Hakuna aliyejua. Angeweza kuyakusanya makombo yale, kuyarudisha chini kulia, kuleta kabureta yenyewe kesho na kusema, hebu jaribu tena, pengine ulikuwa umechoka. Zénon angeifunga kwa nusu saa. Lakini angebaki na ile siku moja ambayo vidole vyake vilikufa kisha vikafufuka, na kila asubuhi angeamka akivingojea vife tena. Mtu wa namna hiyo hatashika spana kwa amani. Sleiman alijua vizuri maisha ya kutoamini. Alikuwa ameyaishi miaka sitini na mitatu.

"Vidole vyako ni vizima," alisema. "Hiyo si kopo namba kumi na nne. Hiyo ni thelathini na tisa, ile takataka ya Uthmani. Mimi nimeihamisha."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza mkaa.

"Umeihamisha," Zénon alisema.

"Nimeihamisha Alhamisi. Nilidhani unaiba."

Zénon alifuta vidole kwa ukingo wa kitambaa. Aliokota springi moja mezani, akaiviringisha kati ya vidole, akaipeleka mdomoni akaigusisha kwenye ulimi. Akaokota kipande kingine. "Hii ni ya Peugeot," alisema polepole. "Na hii... hii ni ya pampu, hata si ya kabureta." Akaokota cha tatu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sleiman alidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Dative! Vidole viko! Vidole viko, sha! Niletee chakula!"

Dative alikimbilia jikoni. Sleiman aliangua kilio cha mtu mzima, kile kibaya kisicho na mpangilio, akanyoosha mkono kuushika wa rafiki yake.

Zénon aliuondoa wake.

"Mwizi," alisema. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Kama ungesema mbele yangu, ningekasirika wiki moja, ningekusamehe. Watu wanasemaka mengi. Lakini weye uliingia mule, ukashika kopo, ukaitosha, ukaiondoa mahali pake." Alimgeuzia uso ule usioona, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi ilikuwa kana kwamba anamtazama machoni. "Enda nyumbani, Sleiman. Jumamosi nitakuja. Gari haina kosa."

Alikuja kweli. Wiki tatu baadaye, kabla ya mvua, jeep ya rangi ya chai iliunguruma, ikatoka langoni kwa petroli lita mbili walizopata kwa tabu ya wiki nzima, maana petroli ilikuwa imeadimika mjini, ikaenda hadi ziwani na kurudi. Sleiman aliendesha. Zénon alikaa kando yake na kiganja juu ya dashibodi, akimwambia lini abadili gia. Anouar alipata vyungu vya saruji kwa maua yake. Na kazi inaendelea. Sasa wamehamia kwenye lori, Sleiman akisoma kitabu kwa Kifaransa chake cha sokoni na Zénon akikisahihisha, na vidole vile vinafanya kisichowezwa na macho ya mtu mwingine yeyote mjini.

Wanacheka, wanapeana habari za wajukuu, chai wanakunywa chupa moja. Ukiwaona utasema hakijatokea kitu.

Ila kila Jumamosi, kabla hajagusa chochote, Zénon huenda kwanza rafuni. Huanza juu kushoto. Hulishusha kopo la kwanza, hulitikisa karibu na sikio, hutia vidole ndani, hulirudisha. Kisha la pili, kisha la tatu, hadi la arobaini na moja. Zamani hakufanya hivyo. Inachukua karibu saa nzima. Sleiman husimama mlangoni akisubiri, mikono nyuma, na hajathubutu hata siku moja kumwambia kwamba yote yapo mahali pake.